TAA ILIYOIMEZA SAUTI YA REDIO

Mhariri alipotangaza kwamba kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili aandike makala ya kufafanua jambo fulani, wenzangu wengi waliyakimbilia mambo ya ukame, ndoa za mapema na dawa za kulevya. Hayo ni mazito, sikatai. Lakini mimi nimeamua kuwaeleza juu ya kelele. Si kelele za bwenini baada ya kengele ya kulala, la hasha! Ni kelele ambazo sikio halizisikii mpaka redio iwashwe, na ambazo zina sheria zake duniani kote. Mimi nilizijua sheria hizo nikiwa nimechelewa, na kuchelewa huko kulimgharimu mtu ninayempenda. Hebu nitegeeni sikio.

KISA CHENYEWE

Nyumbani kwa Susu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, ni upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui. Kutoka huku Makueni mimi hupanda matatu hadi Kibwezi, kisha nashika ile barabara ya lami iendayo Mutomo na Kitui mjini, navuka Mto Athi, na kabla ya jua kutua nimefika. Susu hunipokea kwa utani wa nyanya wote wa kwetu: "Haya, mume wangu amerudi. Umeniletea nini?"

Agosti iliyopita nilimletea balbu. Stima zilikuwa zimefika kwake zamani kidogo, lakini balbu ya sebuleni ilikuwa imeungua na yeye alikuwa amerudia koroboi. Nilipopita sokoni nilimkuta mchuuzi akiuza balbu zile nyeupe za kisasa kwa bei ya kutupwa. Nikanunua moja, nikaifunga mwenyewe juu ya meza. Nyumba ikang'aa kama mchana. Susu alinibariki, nami nikafungua vitabu vyangu nikaanza kudurusu.

Sasa, juu ya meza hiyo hiyo hukaa redio ya Susu. Ni redio ya betri, kuukuu, iliyofungwa antena kwa uzi. Kwa Susu redio si ya muziki. Ni habari, ni bei ya ndengu, ni mahubiri, na zaidi ya yote ni matangazo ya vifo ya jioni katika stesheni ya Kikamba. Mtandao wa simu kwake ni wa kubahatisha. Ile kabambe yake hupata mawimbi akipanda tu kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Kwa hiyo mtu akifa mbali, redio ndiyo humpasha habari.

Jioni ya kwanza redio ilianza kukwaruza. Krrrr! Susu akazungusha antena, akaipiga kofi mgongoni. Wapi! Nikamwambia bila kuinua macho kitabuni, "Redio imezeeka, Susu."

Akanijibu, "Mbona haikuzeeka wiki jana?"

Ningekuwa na akili ningelitafakari swali hilo. Sikulitafakari. Jioni ya tatu, matangazo ya vifo yakiendelea, Susu alisikia jina la Ikutha, akasikia neno "mama", kisha mikwaruzo ikafunika kila kitu. Akaniuliza, "Umesikia wamesema nani?" Nikamwambia sikusikia. Kweli sikusikia, nilikuwa nafanya hesabu.

Siku mbili baadaye mzee wa kanisa alipita na baiskeli yake akatupa pole. Aliyefariki alikuwa rafiki ya Susu tangu ujana wao, waliyechimba naye matuta katika mwethya, bega kwa bega, jembe kwa jembe. Alikuwa amezikwa asubuhi ya siku ile ile. Susu hakulia mbele yangu. Alijifunga leso, na kesho yake akasafiri hadi Ikutha. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Jumapili iliyofuata, kama saa moja na nusu usiku, stima zilipotea kijiji kizima. Giza totoro. Na katika giza lile, redio ya Susu ikaanza kusema! Sauti safi, kama mtangazaji ameketi nasi sebuleni. Tulinyamaza sote wawili. Baada ya nusu saa stima zikarudi, balbu ikawaka, na redio ikarudia krrrr yake.

Hapo ndipo swali la Susu liliponirudia. Nikainuka nikazima taa: sauti ikatakata. Nikawasha: krrrr. Nikazima, nikawasha, mara tano. Nikaibeba redio hadi uani, hatua kumi kutoka nyumbani, taa ikiwa bado inawaka: mikwaruzo ikafifia, sauti ikawa nzuri tu. Nikasogea tena mlangoni: kelele zikazidi. Haikuwa mbingu, maana Agosti kwetu ni kiangazi na hakuna radi ya kusingiziwa. Haikuwa uzee wa redio. Ilikuwa zawadi yangu mwenyewe. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimweleza Susu. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Basi hiyo taa yako inaongea." Huo ndio ufafanuzi bora kuliko wote niliowahi kusikia, na nitauonyesha ukweli wake.

TAA INAONGEAJE?

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Alinichorea ubaoni, nami nawachorea kwa maneno.

Redio hupokea mawimbi. Stesheni za FM hutumia masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108, maana yake wimbi hutikisika kati ya mara milioni 87.5 na milioni 108 kila sekunde. Antena hunasa mtikisiko huo na redio huugeuza kuwa sauti. Lakini antena ni kama sikio: haichagui. Kitu chochote kikitoa mtikisiko ndani ya masafa hayo, antena itaunasa pia.

Stima za nyumbani hutikisika mara 50 tu kwa sekunde. Hizo peke yake haziwezi kuifikia FM. Tatizo ni kwamba balbu hizi za kisasa hazitumii stima hivyo zilivyo. Ndani ya kitako chake mna kisakiti kinachokatakata umeme, wazi-funga, wazi-funga, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ili kuushusha ufae taa. Kukata huko kukiwa kwa ghafla, huzaa mitikisiko mingine midogo midogo ya kasi zaidi, inayopanda ngazi hadi kuingia katika masafa ya redio. Nao waya wa stima uliotambaa darini huwa ndio antena ya kuitangaza. Kwa hiyo balbu inakuwa stesheni ndogo isiyo na mtangazaji wala leseni. Taa inaongea, kama alivyosema Susu.

Je, balbu zote ziko hivyo? La. Mtengenezaji mwaminifu hutia vichujio, vijisehemu vidogo vya kuzuia mitikisiko isitoke nje. Bei yake si kubwa, lakini mtu anayetengeneza balbu milioni moja akivitoa huokoa pesa nyingi, na mnunuzi hawezi kujua kwa macho. Taa itawaka vizuri tu. Anayeumia ni yule mwenye redio.

Si balbu pekee. Chaja za simu za bei nafuu, vidhibiti vya sola, televisheni na kompyuta hufanya vivyo hivyo. Pikipiki nazo zina namna yake. Plagi ya injini hutoa cheche, na kila cheche ni mlipuko mdogo wa mawimbi. Msidhani natia chumvi. Mitambo ya kwanza ya redio, ile ya akina Marconi, ilitumia cheche za umeme kutumia ujumbe! Ndiyo maana bodaboda yenye plagi isiyo na kizuizi ikipita njiani, redio hukoroma mpaka ipite.

Mwalimu aliongeza jambo moja. FM huvumilia kelele kuliko mawimbi ya kati ya zamani. Lakini uvumilivu huo una mpaka. Karibu na mnara, sauti ya stesheni huwa na nguvu na kelele hazifui dafu. Mbali na mnara, kama kwa Susu, mawimbi hufika yakiwa yamechoka, na kelele ndogo tu yatosha kuyazika. Kwa hiyo balbu ile ile inayosamehewa mjini huwa mwizi kijijini.

KIBANDIKO NYUMA YA KOMPYUTA

Katika chumba chetu cha kompyuta mna mashine moja kuukuu ambayo haiwaki tena. Mwalimu aliigeuza akanionyesha kibandiko mgongoni mwake, maandishi ya Kiingereza, madogo kama chawa. Nimekuwa nikiipangusa vumbi mashine ile kwa miaka, sijawahi kuyasoma. Ni sheria ya Marekani, ya tume yao ya mawasiliano iitwayo FCC, na kwa Kiswahili maana yake ni hii. Kwanza, kifaa hiki kisilete mwingiliano wenye madhara. Pili, kifaa hiki hakina budi kukubali mwingiliano wowote kinaoupata, hata ule unaoweza kukivurugia kazi.

Nilishangaa. Sharti la kwanza lilinifurahisha, lakini hili la pili? Yaani mwenye kudhulumiwa anaambiwa avumilie? Mwalimu akacheka, akaniuliza maji yetu ya Agosti hutoka wapi.

Ninyi mliotoka sehemu za mito isiyokauka nisikilizeni. Huku Kitui na Makueni, kiangazi kikija, mito kama Tiva, Thua, Kaiti na Thwake hubaki mchanga mtupu. Maji yako chini. Tunafukua visima mchangani tukateka. Na visima hivyo vina kanuni ambazo hakuna aliyeziandika: kisima cha kunywa hakifuliwi nguo, ng'ombe hunyweshwa kando, na anayekuja na punda kumi humngoja mama mwenye mtungi mmoja. Mto si wa mtu. Lakini ukiuchafua, umewachafulia wote.

Hewa ya mawimbi ni mchanga ule. Stesheni ya redio imepewa kisima chake, yaani masafa yake, kwa leseni. Huyo ndiye anayelindwa. Balbu, chaja na kompyuta hazina leseni wala kisima. Zimeruhusiwa kupita tu, kwa sharti la kutochafua. Hilo ndilo sharti la kwanza. Sharti la pili linawaambia wapita njia hao: ukirushiwa maji na mwenye kisima anayeteka kwa haki yake, usilalamike, jifunze kujikinga. Mmewahi kuweka simu karibu na spika za kanisani, na kabla haijalia spika zikatoa tit-tirit, tit-tirit? Simu ina haki ya kutuma mawimbi yale. Spika ndiyo iliyotengenezwa bila kinga.

Kwa hiyo mbele ya sheria, mwenye kosa sebuleni kwa Susu alikuwa nani? Stesheni ilikuwa na haki yake, na Susu alikuwa anaisikiliza. Balbu ndiyo iliyopaswa kunyamaza.

SHERIA HIZI ZILITOKA WAPI?

Msidhani ni mambo ya juzi. Mwaka wa 1906 mataifa yalikutana mjini Berlin, Ujerumani, yakaandika mkataba wa kwanza wa kimataifa wa redio. Miaka sita baadaye, Aprili 1912, meli ya Titanic ilizama. Usiku na siku zile hewa ilijaa jumbe za watu wengi kwa mpigo, nyingine za uongo, hata ukweli ukawa mgumu kupambanuliwa. Mwaka uo huo Marekani ikapitisha sheria ya kuwataka wenye mitambo ya redio wawe na leseni.

Lakini hizo zilihusu wanaotangaza kwa makusudi. Je, vitu vinavyotangaza bila kukusudia? Mwaka wa 1934 wataalamu walikutana Paris wakaunda kamati maalumu ya kimataifa, inayojulikana kwa ufupisho wa jina lake la Kifaransa, CISPR. Kamati hiyo ipo hadi leo, na ndiyo huandika viwango vya kelele: kimoja cha vyombo vya nyumbani, kingine cha magari na pikipiki, kingine cha taa. Naam, taa zina kiwango chao, namba 15!

Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani, vurugu ikaongezeka. Kulikuwa na kompyuta iliyoitwa TRS-80, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1977. Ilikuwa na kelele kiasi kwamba wenye nayo waliweka redio kando yake ili kuisikia ikitoa milio programu zilipokuwa zikiendeshwa. Mwaka wa 1979 FCC ikaweka masharti makali, ikigawa vifaa makundi mawili: vya maofisini na viwandani, na vya majumbani. Vya majumbani vilibanwa zaidi, kwa kuwa nyumbani ndiko redio na televisheni za jirani ziliko. Modeli ile ya kwanza ya TRS-80 haikuweza kutimiza masharti, na mwaka wa 1981 ikaacha kutengenezwa. Huko Ulaya nako, kuanzia mwaka wa 1996, kila kifaa cha umeme kililazimika kutimiza mambo mawili: kisipige kelele, na kiweze kustahimili kelele za wengine.

NA HAPA KWETU?

Kenya nayo haikuachwa nyuma. Zamani kazi ya kulinda mawimbi ilikuwa ya Shirika la Posta na Simu. Sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 1998 ilizaa tume ya CCK, iliyoanza kazi mwaka wa 1999, na mabadiliko ya sheria ya mwaka wa 2013 yakaipa jina la Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, yaani CA. Mwaka wa 2010 zilitolewa kanuni mahususi, zikiwemo za matumizi ya masafa ya redio na za uingizaji na uidhinishaji wa vifaa vya mawasiliano. Simu, mitambo ya redio na vifaa vya aina hiyo havifai kuuzwa nchini kabla aina yake haijachunguzwa na kupewa kibali. Kuvuruga mawasiliano ya redio kwa makusudi ni kosa la jinai.

Balbu, kwa kuwa si kifaa cha mawasiliano, huangukia upande wa viwango vya bidhaa, chini ya shirika letu la kukadiria ubora, KEBS. Hilo ndilo hutoa alama ya ubora na vibandiko vya bidhaa zitokazo ng'ambo. Nilipoifungua balbu yangu nikaitazama kitakoni, sikuona alama yoyote. Hapakuwa na jina la mtengenezaji wala nchi. Paliandikwa wati tu. Debe tupu haliachi kuvuma!

Huenda msomaji akauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi wa huku? Yatuhusu sana. Pale Nthongoni, katika kaunti yetu ya Makueni, kuna Redio Mang'elete, redio ya jamii iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama na kuanza kutangaza mwaka wa 2004. Redio za jamii hazina minara mirefu wala nguvu nyingi kama zile kubwa za kibiashara. Kwa hivyo uchafu wa mawimbi huzigusa mapema. Kelele hizi haziwaumizi watu kwa usawa. Mwenye simu ya kisasa na bando atasikiliza mtandaoni. Mwenye redio ya betri kando ya zizi ndiye atakayekosa tangazo.

Isitoshe, jirani wa masafa ya FM ni ndege. Kuanzia megahezi 108 kwenda juu ndimo vyombo vya kuongoza ndege vinamofanya kazi, na marubani huzungumza na waongozaji wao kati ya megahezi 118 na 137. Mtambo mbovu wa FM ukimwaga mawimbi nje ya mipaka yake, unaweza kumziba rubani masikio. Wapo pia wanaonunua kimagendo vile vifaa vya kuongeza nguvu ya mtandao wa simu, wakavifunga paani bila kibali. Yeye anapata mistari mitano kwenye simu, na kijiji kizima kinakatikiwa. Hicho si kisima tena, hiyo ni choyo.

PALE SHERIA INAPOKOMEA

Sasa niwaambie jambo ambalo hata mimi sikulitarajia. Tuseme ningenunua balbu halali, iliyopimwa. Je, redio ya Susu ingenyamaza kukwaruza kabisa? Si lazima. Kwa sheria ile ya Marekani, kelele za vifaa vya nyumbani hupimwa kutoka umbali wa mita 3. Redio ya Susu ilikuwa chini ya mita moja kutoka kwenye balbu. Kifaa kilichotimiza sheria kinaweza bado kunong'ona, na ukikiwekea sikio utasikia mnong'ono.

Maana yake ni kwamba sheria hizi zimewekwa hasa kumlinda jirani. Ndani ya nyumba yako, unaachiwa akili yako: wewe ndiwe mwenye taa, wewe ndiwe mwenye redio, unaweza kusogeza kimoja. Jirani hawezi kuja kuzima taa yako. Ndiyo maana yeye amewekewa sheria, na wewe umewekewa hatua tatu za kutembea.

MSOMAJI AFANYE NINI?

Yafuatayo nimeyajaribu mwenyewe au nimefundishwa na mwalimu:

1. Redio ikikwaruza, itie betri, kisha uzime swichi kuu ya nyumba. Kelele zikiisha, adui yumo ndani. Zikibaki, yuko nje: kwa jirani, barabarani, kwenye nyaya za stima au mawinguni.

2. Kama adui yumo ndani, washa kifaa kimoja kimoja huku ukisikiliza. Atajitaja mwenyewe.

3. Tenganisha redio na balbu au chaja. Hata hatua mbili tatu huleta tofauti kubwa. Usiiegemeze redio kwenye waya wa stima.

4. Nunua balbu yenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora, na udai risiti. Ikikwaruza, irudishe.

5. Mmewahi kuona kile kivimbe cheusi kwenye waya wa kompyuta, kama kuku aliyemeza hindi? Mimi nilidhani ni pambo. Kumbe ndani yake mna pete ya madini ya chuma inayozuia mitikisiko ya kasi isipite wayani. Ukikuta waya wenye kivimbe hicho, usikikate.

6. Kelele zikitoka nje, andika siku, saa, mahali na masafa unayosikiliza, kisha uwaarifu wenye stesheni na Mamlaka ya Mawasiliano. Kuchunguza malalamiko ya mwingiliano ni wajibu wao. Lakini tafadhali, usipande mlingoti wa stima kutafuta kelele. Utasikika kwenye matangazo ya vifo.

TAMATI

Nilirudi kwa Susu Desemba nikiwa na balbu nyingine, ya bei ghali kidogo, yenye alama. Niliifunga upande wa pili wa sebule, na redio tukaihamishia dirishani. Mikwaruzo imepungua hata ukitaka kuisikia ni lazima utege sikio. Nilifurahi, nikajiona mhandisi.

Susu aliisikiliza redio, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini saa ya matangazo ya vifo ilipowadia, aliinuka polepole akaenda ukutani akazima taa. Nikamwambia, "Susu, hii ni nzuri, ina alama. Haina haja."

Akasema, "Najua, mume wangu. Soma baadaye."

Sasa hiyo ndiyo sheria ya nyumba yake, na hakuna kamati iliyoiandika. Kila jioni tunaketi gizani kwa dakika chache, vitabu vimefungwa, majina yakisomwa moja baada ya jingine, na hakuna jina linalotupita.

Wasalaam. Kalamu naiweka chini hapa.